Age of Mythology: Retold, ile ya zamani, au Age of Empires II? Ipi uchukue

Steam, lile duka la magemu la mtandaoni, wakishusha bei tu swali linakuja lile lile: nina hela ya gemu moja, nichukue Age of Mythology: Retold, niendelee na ile ya zamani, Extended Edition, ambayo ninayo tayari, au niende zangu Age of Empires II: Definitive Edition maana kila mtu anaisifia? Zote tatu nimezicheza kiasi cha kutosha kugombana na watu, kwa hiyo nasema mapema niko upande gani: kompyuta yako ikiweza kuibeba, chukua Retold. Ila kuna watu wa aina mbili ningewaambia waachane nayo kabisa, nao nitawafikia huko mbele.

Kwa ambaye hajui hata tunaongelea nini, haya ni magemu ya kujenga mji na jeshi papo kwa papo, hakuna kusubiri zamu, we unakata kuni na mwenzako naye huko aliko anakata kuni, ukizubaa anakuja kukuchomea. Age of Mythology ya kwanza ilitoka 2002, ya Ensemble Studios, wale wale walioleta Age of Empires, halafu 2003 ikaja nyongeza inaitwa The Titans. Mwaka 2014 ikarudishwa Steam kwa jina la Extended Edition, maji yamependezeshwa, kuna mchana na usiku, basi, ndani ni ile ile. Retold ya Septemba 2024 ni habari nyingine, hiyo wameijenga upya kuanzia majengo, sauti, mpaka sheria zenyewe za mchezo, na waliohusika ni World's Edge na Forgotten Empires ambao ndio hao hao wanaoitunza Age of Empires II. Ilianza kwenye PC na Xbox, PS5 ikafuata Machi 2025.

Sasa tuje kwenye kitu kinachozitenganisha kweli.

Nguvu za miungu

Kwenye ile ya zamani kila ukipanda zama, yaani hatua ya maendeleo ya mji wako, unachagua mungu mdogo, anakupa nguvu moja, unaitumia mara moja, imeisha mpaka mechi nyingine. Matokeo yake watu walikuwa wanaibania ile nguvu kama hela ya ada. Unaishikilia Lightning Storm ya Hera unasema ngoja waje wengi zaidi, ngoja kidogo, ngoja, mara mji umeanguka na radi zako bado mfukoni. Au unaitupa mapema kwa hasira halafu nusu saa iliyobaki ni mishale na mikuki kama gemu jingine lolote, miungu imebaki picha kule juu ya skrini.

Retold nguvu inarudi. Ya kwanza unatumia bure, halafu unasubiri ijae tena, na ukitaka kuitumia mara ya pili unalipa fadhila, yaani sarafu ya miungu, ya tatu unalipa zaidi. Inaonekana kitu kidogo lakini imebadilisha kila kitu, kwa sababu fadhila ndiyo hiyo hiyo unayonunulia mazimwi. Kwa hiyo sasa kila dakika unapiga hesabu: nitoe Minotaur mwingine, yule ng'ombe-mtu, aende mbele, au nibane nipate radi ya pili ya Zeus nimuue yule Colossus anayenila mji? Kwenye ya zamani swali hilo halikuwepo. Colossus mwenyewe ukiwa humjui ni lile lijitu la chuma linatafuna miti na dhahabu likijeruhiwa ili lipone, ukiliona linakuja unaelewa kwa nini mtu anaweka akiba ya radi.

Na utamu unazidi kwa sababu kila taifa linapata fadhila kwa njia yake. Wagiriki wanaenda hekaluni kuomba, maana yake kila mfanyakazi anayeomba ni mmoja asiyekata kuni, unachagua. Wamisri wanajenga minara ya kumbukumbu, mitano, kila unaofuata ni mkubwa na ghali kuliko uliotangulia. Waatlantis wanapata kwa kumiliki taun senta nyingi, yaani majengo makuu ya mji, kwa hiyo lazima watanuke hata kama hawataki. Halafu kuna wale wa kaskazini wa kina Odin na Thor, tuwaite Wanorse, hao fadhila inakuja wakipigana, kwa hiyo Mnorse aliyejifungia ndani ya ukuta anajinyima mwenyewe. Ukijumlisha na ule utaratibu wa kulipia nguvu unajikuta unamsoma mpinzani kwa mungu wake: huyu ni Thor, lazima atakuja kunichokoza mapema, ngoja nijiandae. (Mdogo wangu alikuwa anapiga kelele "wapeleke wakaombe kwa Zeus!" mpaka bibi akatoka chumbani kuuliza humu ndani kuna nini, tukamwelewesha kwa taabu sana.)

Wapo wakongwe hawajaupenda huu utaratibu na siwabishii sana. Wanasema nguvu ya mara moja ilikuwa na uzito, kimondo kilikuwa kimondo, ukikikosesha umekwisha, siku hizi mwisho wa mechi imekuwa fataki za mwaka mpya. Kuna ukweli, mechi ikivuka dakika arobaini na watu wana fadhila za kumwaga, skrini inakuwa kimbunga juu ya tetemeko juu ya joka. Pia Waatlantis wameonewa kidogo, zamani wao peke yao ndio walikuwa wanaweza kurudia nguvu, ilikuwa ndiyo sifa yao, sasa kila mtu anayo. Lakini mimi kati ya fataki na kubania mpaka kufungwa, nachukua fataki.

Age of Empires II hapa haina chake, na sio kosa lake. Hiyo ni zama za kati, watu na farasi na manati makubwa ya kubomolea ukuta, utamu wake uko kwenye vitu vidogo vidogo sana, umewinda nguruwe wako kwa wakati, umepanda zama sekunde thelathini kabla ya mwenzako, umekwepesha wapiga mishale wako wasipigwe na jiwe. Anayependa hilo hatatoka huko kamwe. Anayetaka kuona Medusa anawageuza watu mawe hatalipata hata akicheza miaka kumi.

Mataifa mengi au mataifa tofauti

Hapa watu wengi wanadanganywa na idadi. Age of Empires II: Definitive Edition ilipotoka 2019 ilikuwa na mataifa 35 na wameendelea kuongeza. Retold unaponunua ya kawaida unakuta manne: Wagiriki, Wamisri, Wanorse, Waatlantis. Wachina walikuja na nyongeza ya Immortal Pillars Machi 2025, Wajapani na Heavenly Spear mwaka huo huo, zote za kulipia. Ukiangalia tu namba unaona Retold wamekuuzia gemu nusu.

Lakini cheza uone. Kule kwenye II majengo ni yale yale, wafanyakazi wale wale, ukishajua taifa moja vizuri umeshajua sehemu kubwa ya mengine, yanatofautiana askari wao maalumu na punguzo la hapa na pale. Retold ukihama kutoka Wagiriki kwenda Wanorse unaanza upya: askari ndio mafundi ujenzi, wafanyakazi hawajengi majumba ya maana, na ghala lao ni mkokoteni wa ng'ombe unaowafuata mpaka porini. Wamisri wana farao anayetembea akibariki majengo yafanye kazi haraka. Raia wa Atlantis hahitaji ghala kabisa, anachokata kinaingia moja kwa moja, lakini ni ghali na akiuawa mmoja unaumia. Na bado ndani ya taifa moja kuna miungu wakuu watatu wa kuchagua, Zeus sio Poseidon sio Hades. Huyo Hades askari wako wakifa wengine wanarudi kama vivuli, raha sana ukiwa unafungwa. Halafu kila zama unachagua kati ya miungu wadogo wawili, kwa hiyo Zeus wangu na Zeus wako wanaweza kufika mwisho hawafanani.

Mpangilio wa nani anamshinda nani ni rahisi kumfundisha mgeni: zimwi linaua binadamu, shujaa anaua zimwi, binadamu wa kawaida wanamzidi shujaa. Chini yake kuna ule wa askari wa miguu, wapanda farasi na wapiga mishale. Ukiwa na rafiki hajawahi kucheza magemu ya aina hii, dakika tano ameshaelewa kwa nini ng'ombe-mtu amempeperushia askari wake wa mikuki hewani na nani amtume kumzuia. Kwenye II ukianza kumweleza mtu ngamia anapiga nini na mkuki unapiga nini na kwa nini huyu mwenye kurusha mikuki midogo anaua wapiga mishale, anaanza kuangalia simu.

Hadithi

Kwa wanaocheza peke yao hii ndiyo sehemu yenu. Kampeni kubwa ya Age of Mythology inaitwa Fall of the Trident, misheni 32, unamfuata Arkantos, amiri wa majeshi ya maji wa Atlantis. Anaanzia kwao, anapelekwa Troy, anakutana na Ajax na Odysseus, mara yuko Misri na Amanra wanakusanya vipande vya mwili wa mungu Osiris, mara kaskazini kwenye barafu na wale mbilikimo wawili Brokk na Eitri, na muda wote wanamfukuza jitu la jicho moja linaitwa Gargarensis linalotaka kufungua mlango wa kuzimu. Ni hadithi moja ndefu, watu wale wale, unawazoea, unawachukia, Kamos yule mharamia mwenye panga badala ya mkono nilimchukia kwa moyo wote. Retold inayo yote hiyo, pamoja na ile fupi ya The Golden Gift na ile ya The Titans.

Wamerekodi sauti upya na hapa ndipo nostalgia inapouma, mtu uliyekua na sauti ya Arkantos ya 2002 ukisikia hii mpya unajisikia kama wamembadilisha mjomba. Unazoea. Picha ndio hazina ubishi, misheni za baharini tu zinatosha.

Age of Empires II ina kampeni nyingi zaidi lakini kila moja ni kisa chake: Joan of Arc, Saladin, Genghis Khan. Sisi wa huku tuna sababu ya kuziangalia kwa jicho jingine. Kuna Yodit wa Ethiopia, kuna Sundjata wa Mali, zote mbili nzuri kweli kweli. Halafu kuna kampeni ya Francisco de Almeida, ndiyo, huyo huyo Mreno aliyeishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, na wewe unaicheza upande wake. Sijui nani mwingine ilimkaa vibaya, mimi niliicheza huku nasonya. Ila inafanya ukafungue kitabu, hilo siwezi kuinyima. Retold haina kitu kinachokugusa nyumbani hivyo, isipokuwa kama Misri unaihesabu.

Mashine yako

Sasa mtu wa kwanza niliyesema aachane na Retold: mwenye laptopu ya ofisi isiyo na kadi ya grafiki. Tafadhali. Retold ni 3D nzito, mazimwi yanarushana, maji yanang'aa, ikifika zama ya mwisho kila mtu ana jeshi zima na kimondo kinashuka, mashine dhaifu inakuwa inaonyesha picha moja moja kama slaidi. Extended Edition kwenye mashine hiyo hiyo inakwenda vizuri tu, yenyewe mizizi yake ni gemu lililotengenezwa kwa kompyuta za 2002. Na usicheke, ukiwa na Extended Edition bado una Wagiriki, Wamisri, Wanorse, Waatlantis na kampeni yote. Kitu kimoja tu, usiongeze hela kununua nyongeza yake ya Wachina ya 2016, Tale of the Dragon, ilitoka ina matatizo kibao na Wachina wa Retold wametengenezwa upya kabisa, huwezi kuwafananisha.

Definitive Edition ya II iko katikati. Askari wake ni picha bapa sio 3D, kwa hiyo haikandamizi sana, na lile furushi la picha kali za ziada ni la hiari, usilipakue, utaokoa bando na nafasi ya diski kwa wakati mmoja.

Kwa wenye konsoli, Retold kwenye padi inachezeka kuliko nilivyotegemea. Unaweza kuwaambia wafanyakazi wagawane wenyewe, wengi kwenye chakula, kiasi kwenye kuni, nao wanaenda bila kushikwa mkono, na foleni ya kutengeneza askari inajirudia yenyewe. Hata kwenye kibodi hivyo vitu vinasaidia sana mtu mzima mwenye kazi ambaye hataki kubofya mara elfu. Shamba pia, kwenye Age of Mythology ukilima umelima, haliishi, kwenye II shamba linaisha na kupandwa tena kwa kuni. Wamerahisisha kidogo siku hizi lakini bado kuni zinatoka.

Kucheza na watu

Mtu wa pili wa kuachana na Retold ni yule anayetaka ligi. Namaanisha yule anayetaka kupanda madaraja, kuangalia mashindano usiku, kujifunza mpangilio wa dakika kumi za kwanza mpaka aote. Nenda Age of Empires II, huko ndiko watu waliko, mashindano kama Red Bull Wololo yanachezwa huko, ukitafuta mechi unaipata na video za kujifunza hazina idadi. Retold nayo ina madaraja yake na ni mazuri, ila watu ni wachache, na ukiwa mgeni mechi za mwanzo unaweza kukutana na mtu anayemjua Loki, mungu wake wa Wanorse, tangu 2002, atakumaliza hujajenga hata hekalu.

Kwa marafiki wawili watatu wanaojipanga dhidi ya kompyuta Ijumaa usiku, Retold inashinda bila mjadala. Mechi zinaisha mapema zaidi, kila mtu anachagua mungu wake, mmoja anajenga tu kwa amani na mwingine anapigana, halafu mwisho mnafungua lango la Titan, lile lijitu kubwa la mwisho. Hilo lango wafanyakazi wanalichimba, linachukua muda, na adui akigundua anatuma kila alichonacho kulizuia, hapo ndipo kelele za kwenye headfoni zinapoanza. Wagiriki anatoka Cerberus, Wamisri Horus, Wanorse Ymir, Waatlantis Perses. Pia mwaka 2025 waliongeza Arena of the Gods, ya kucheza mwenyewe au na mwenzako, unapita misheni fupi fupi na kila ukishinda unachagua baraka ya kwenda nayo mbele. Bure, haihitaji nyongeza.

Kabla sijasahau, chiti zipo, yale maneno ya siri ya kuandika ili upate vitu vya bure. ATM OF EREBUS inaleta dhahabu, JUNK FOOD NIGHT chakula, na WUV WOO inakupa kiboko wa zambarau anayeruka. Sifafanui zaidi.

Hela

Retold ilianza kwa dola 29.99 ya kawaida na 49.99 ile Premium yenye nyongeza ndani. Ushauri wangu anza na ya kawaida, mataifa manne yanatosha muda mrefu, ukinogewa ndio ununue Wachina. Nyongeza za Age of Empires II ni nyingi mno siku hizi, usiziguse hata moja mpaka uchoke na yaliyomo, na kuchoka nayo kutakuchukua muda. Hizi gemu zote hushushwa bei mara kwa mara, ukiwa na subira ya wiki kadhaa hutalipa bei kamili. Retold na II zipo pia kwenye Game Pass, ile huduma ya Microsoft ya kulipia kila mwezi, lakini haipatikani kila nchi, angalia kwanza kwenu kabla hujaanza kusumbuka na kadi.

Na kama una wasiwasi na mashine, fanya hivi: inunue Steam, usianze na kampeni, fungua mechi kubwa dhidi ya kompyuta kadhaa, ramani kubwa, iache ifike zama ya mwisho watu wote wakiwa na jeshi. Ikikwama, shusha vivuli na maji kwanza ndio vinavyokula sana. Ikiendelea kukwama omba hela irudi, Steam wanarudisha ukiomba ndani ya siku 14 na uwe hujacheza zaidi ya masaa mawili, kwa hiyo angalia saa, maana ukishaanza kumfuata Arkantos masaa mawili hayo hutayaona yakipita.